TIKITI NI DENI: JINA LA NDEGE LIFAPO, NANI AMLIPE ABIRIA?

Katika miaka ya karibuni majina mengi ya makampuni ya ndege yamefutwa duniani. Mengine yamekufa kwa kufilisika, mengine yamemezwa na makampuni makubwa zaidi, na mengine yamevuliwa nguo za zamani yakavishwa rangi na nembo mpya. Kila litokeapo jambo kama hili, wenye makampuni hutoa taarifa zao, magazeti ya biashara huandika habari za hisa na za mamilioni, na wakubwa hupeana mikono mbele ya wapiga picha. Lakini yuko mtu mmoja ambaye habari zake huwekwa mwisho, kama zinawekwa kabisa. Naye ni yule aliyekwisha kulipa nauli miezi sita kabla ya safari, na ambaye sasa ameshika mkononi tikiti yenye jina la kampuni ambayo siku ya safari haitakuwapo tena. Leo twapenda kusema juu ya mtu huyo.

Wako watakaotuuliza: Je, jambo hili lamhusu nini mfanyakazi? Si habari ya matajiri hii? La hasha. Tajiri hununua tikiti leo akasafiri kesho. Bei si kitu kwake, na akipoteza moja hununua nyingine. Anayenunua mapema ni yule anayehesabu shilingi zake. Ni mwalimu wa Kigoma anayetaka kuja Dar es Salaam katika likizo yake ya mwaka. Ni mzazi anayempeleka mgonjwa India. Ni kijana aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo. Ni chama cha wafanyakazi kinachopeleka wajumbe wake mkutanoni. Ni kikundi cha watu waliochangishana mwaka mzima. Makampuni mengi hufungua mauzo ya viti siku zipatazo 330 kabla ya safari, na kwa kawaida viti vinavyouzwa mapema ndivyo vyenye bei nafuu. Kwa hiyo mtu wa kipato kidogo ndiye anayesukumwa kulipa mapema, na ndiye anayesimama mbele kabisa pale hatari inapotokea.

MKOPO USIO NA RIBA

Kabla ya kwenda mbali, yafaa tueleze tikiti ni kitu gani. Anunuaye mkate hulipa na kuondoka na mkate. Anunuaye tikiti ya ndege hulipa na kuondoka na ahadi. Fedha yake imekwenda, na kiti chake bado. Katikati ya siku ya kulipa na siku ya kupanda ndege, kampuni ina fedha ya abiria, nayo mara nyingi huitumia kwa shughuli za kila siku: mafuta, mishahara, kodi za viwanja, na malipo ya kukodi ndege zenyewe. Huu, kwa maneno mengine, ni mkopo. Abiria ameikopesha kampuni fedha yake bila riba, bila rehani, na bila kuulizwa kama apenda kukopesha.

Maadamu kampuni ni nzima, mkopo huu haumdhuru mtu. Siku ya safari deni hulipwa kwa kiti, na kila mmoja huenda zake. Lakini kampuni ikianguka, ndipo abiria anapogundua kwamba alikuwa mdai bila kujua. Naye si mdai wa kwanza katika safu. Mbele yake wako wenye rehani, yaani mabenki na wenye kukodisha ndege, na katika nchi nyingi zipo pia gharama za ufilisi wenyewe na madai mengine yaliyopewa kipaumbele na sheria. Abiria husimama nyuma pamoja na wale wasio na dhamana yoyote, akingoja makombo, kama makombo yatabaki.

VIFO VYA NAMNA MBILI

Hapa ndipo panapotakiwa akili ya kupambanua, maana si kila jina linalofutwa ni kampuni iliyofilisika. Yako majina yafayo kama bibi arusi aachavyo nyumba ya baba yake: jina limebadilika, lakini mtu ni yule yule na mali imehamia naye. Na yako majina yafayo kama mtu asiye na mrithi, ambaye deni lake hakuna wa kulibeba. Msomaji aliyelipa mapema hana budi kuuliza swali moja kabla ya maswali yote: Je, kampuni mpya imerithi madeni ya kampuni ya zamani, au imechukua mali tu na kuyaacha madeni?

Tuangalie mfano wa kwanza. Huko India ilikuwapo kampuni iliyoitwa Vistara, mali ya ukoo wa makampuni ya Tata pamoja na Singapore Airlines. Ilianza kuruka mwezi Januari 2015. Mwaka 2022 Tata waliinunua Air India kutoka kwa Serikali ya India, na mwishoni mwa mwaka ule ule wakatangaza kwamba Vistara itaungana na Air India na jina lake litafutwa. Mambo hayakufanywa kwa usiku mmoja. Tangu 3 Septemba 2024 Vistara haikuuza tena tikiti za safari za tarehe 12 Novemba 2024 au baada yake, na aliyetaka kusafiri baada ya siku hiyo alielekezwa Air India. Vistara yenyewe iliendelea kuruka hadi 11 Novemba. Wale waliokuwa wamekwisha kununua safari za baadaye, ambao Air India ilisema walizidi 270,000, walihamishiwa katika vitabu vya Air India. Ndege zilizokuwa za Vistara zilipewa namba za Air India zinazoanza na tarakimu 2, ili abiria aweze kuzitambua. Jina lilikufa, lakini deni lilipata mrithi.

Marekani pia walifanya hivyo. Alaska Airlines iliinunua Virgin America tarehe 14 Desemba 2016. Miezi mitatu baadaye ilitangaza kwamba jina la Virgin America litaondolewa, na ndege ya mwisho yenye namba za jina hilo iliruka 24 Aprili 2018. Kesho yake abiria wote walikuwa ni wa Alaska. Zaidi ya mwaka mzima ulipita kati ya tangazo na siku ya mwisho, na watu walikuwa na nafasi ya kujitayarisha.

Sasa tuangalie mfano wa pili, nao ni wa Italia. Alitalia ilianza kuruka mwaka 1947, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo bendera ya Italia angani. Mwezi Mei 2017 iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na kwa miaka minne na zaidi iliendelea kuruka na kuuza tikiti ikiwa katika hali hiyo. Tarehe 25 Agosti 2021 iliacha kuuza safari za baada ya 14 Oktoba, na usiku wa siku hiyo ya Oktoba ndege yake ya mwisho ilitua Roma. Asubuhi yake, tarehe 15 Oktoba 2021, ilianza kampuni mpya iliyoitwa ITA Airways.

Msomaji atazame jambo hili kwa makini. ITA iliruka kwa herufi zile zile za AZ zilizokuwa za Alitalia. Ilichukua sehemu ya ndege na sehemu ya wafanyakazi. Hata jina lenyewe la Alitalia ililinunua, kwa euro milioni 90. Walakini tikiti za Alitalia haikuzipokea. Sababu ni kwamba Kamisheni ya Ulaya ilitaka kampuni mpya isiwe mrithi wa ile ya zamani, kwa vile mrithi angelazimika kuyabeba madeni yake, na miongoni mwa madeni hayo ulikuwamo mkopo wa Serikali wa euro milioni 900 uliohukumiwa kuwa kinyume cha sheria za Ulaya. Basi mwenye tikiti ya mwezi Novemba alikuta kiwanja ni kile, herufi ni zile, na pengine rubani ni yule, lakini tikiti yake haifai. Aliambiwa achague moja: asafiri kabla ya 14 Oktoba, au arudishiwe fedha. Bahati yake ni kwamba Serikali ya Italia ilitenga euro milioni 100 kwa ajili ya marudisho hayo. Bila ya fungu hilo, angepanga foleni pamoja na wadai wengine.

Fundisho ni dhahiri. Rangi ya ndege na herufi za namba yake hazimwambii abiria kitu. Kinachomwambia ni mkataba: nani amechukua madeni?

ABIRIA WAWILI KATIKA SAFU MOJA

Tuongeze mfano wa tatu, kwa sababu ndani yake kuna jibu tunalolitafuta. Air Berlin, iliyokuwa kampuni ya pili kwa ukubwa Ujerumani, ilijitangaza mufilisi tarehe 15 Agosti 2017. Ulikuwa ni wakati wa likizo, na maelfu ya watu walikuwa nje ya nchi. Serikali ya Ujerumani ikatoa mkopo wa euro milioni 150 ili ndege ziendelee kuruka kwa muda. Zikaruka hadi 27 Oktoba 2017, kisha zikanyamaza.

Walioathirika ni wale waliokuwa na tikiti za baada ya siku hiyo. Lakini hawakuathirika sawasawa. Aliyenunua tikiti yake kabla ya 15 Agosti aliambiwa aandikishe dai lake katika ufilisi na angoje. Aliyenunua baada ya 15 Agosti fedha yake ilikuwa imewekwa kando kama amana, nayo ilikuwa ya kurudishwa. Hebu tuwafikirie watu wawili walionunua viti viwili vilivyo jirani, kwa bei moja, kwa safari moja ya mwezi Novemba. Yule aliyejihimu kununua mapema, mwenye imani na kampuni, akapoteza. Yule aliyechelewa, akanunua baada ya habari mbaya kutangazwa, akahifadhiwa. Hii si haki. Lakini yaonyesha jambo kubwa: kumbe yawezekana kuiweka fedha ya abiria kando isichanganywe na fedha ya kampuni! Kama iliwezekana baada ya kampuni kufilisika, wakati mambo yote yamevurugika, kwa nini isiwezekane wakati kampuni ni nzima?

NYUMBANI KWETU

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya na India peke yake. Sisi wa Afrika Mashariki twayajua. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa ndege ya nchi zetu zote, na Super VC10 zake zilijulikana mpaka London. Mapema mwaka 1977, Jumuiya ilipokuwa ikivunjika, kampuni ile ilisimama. Mwaka ule ule Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Tanzania ikaanzisha shirika lake la Air Tanzania. Ugomvi wa nani achukue mali gani na nani abebe deni gani haukwisha upesi. Ilibidi aitwe msuluhishi, Dakta Victor Umbricht wa Uswisi, na mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi mwezi Mei 1984, yaani miaka 7 baadaye. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai haki zao kwa miaka mingi baada ya hapo. Wazee wetu wengi wamekwenda kaburini wakiwa bado wanadai.

Na karibu zaidi, mwezi Desemba 2018, katika siku ambazo watu hurudi makwao kwa sikukuu, Fastjet ya Tanzania ilisimamisha safari zake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitoa taarifa ya kusudio la kuifutia leseni na kuitaka isiuze tikiti zaidi. Jina lile lilikuwa limeingia nchini mwaka 2012 likiwa na nauli za chini, na watu wengi ambao hawajapata kupanda ndege walipanda kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Ndio hao hao waliokutwa na tikiti za Krismasi mikononi.

Tutambue pia kwamba jina likifa laweza kufufuka. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001, na mwaka 2019 ikaonekana tena angani kwa jina lile lile. Twaifurahia. Lakini jina lililofufuka si lazima liwe na kumbukumbu ya ahadi za marehemu.

LIPASALO ABIRIA KUFANYA

Basi afanyeje mfanyakazi ambaye hana budi kulipa mapema, naye amesikia kwamba jina la kampuni yake litaondolewa?

Kwanza, asishtuke kabla ya kujua. Auambie uvumi ungoje. Atafute tangazo lenyewe la kampuni au la mamlaka ya anga, asome ndani yake siku ya mwisho ya kuruka kwa jina la zamani, na aone kama limesema wazi kwamba tikiti za baada ya siku hiyo zitapokewa na kampuni mpya. Kama tangazo limesema hivyo, kama lilivyosema la Vistara, safari yake i salama kwa sehemu kubwa. Kama tangazo limenyamaza juu ya tikiti, kunyamaza huko ndiko kwenye hatari, naye adai fedha yake mapema.

Pili, kama bado hajanunua na safari ni ya baada ya siku ya mwisho, anunue kwa kampuni itakayobaki, si kwa ile inayoondoka. Asivutwe na bei ya chini ya siku za mwisho. Kampuni iliyo taabani huhitaji fedha taslimu leo, na njia rahisi ya kuipata ni kuuza viti vya kesho kwa bei ya kutupa.

Tatu, hata pale deni liliporithiwa, asilale. Makampuni mawili yanapoungana, huwa na ndege mbili zinazokwenda mji mmoja kwa saa zinazokaribiana, nayo huiondoa moja. Tikiti yake itabaki halali, lakini saa itabadilika, na aliyekuwa aunganishe safari nyingine aweza kuachwa. Vitabu vya kampuni moja vinapohamishiwa katika vya nyingine, mambo madogo hupotea njiani: kiti alichochagua, chakula alichoagiza, kiti cha magurudumu cha mama yake mgonjwa. Kwa hiyo baada ya siku ya kuhama na aulize tena, apate namba mpya ya tikiti, na ahakikishe kwamba kila alichokilipia bado kimeandikwa. Tena, ikiwezekana, safari nzima iwe katika tikiti moja. Mwenye tikiti mbili za makampuni mawili, ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kumngoja.

Nne, ajue kwamba kubadilishiwa saa kupita kiasi kwaweza kumpa haki ya kudai fedha. Marekani wameiandika haki hiyo kwa saa: tangu mwaka 2024, safari ya ndani ikisogezwa kwa saa 3 au zaidi, au ya nje kwa saa 6 au zaidi, abiria asiyekubali ana haki ya kurudishiwa nauli yake. Katika Ulaya, ndege ikifutwa abiria ana haki ya kuchagua kati ya fedha yake na safari nyingine, na kama hakuarifiwa siku 14 kabla aweza kudai fidia pia, isipokuwa pale ambapo sheria imeiachilia kampuni. Lakini haki hizi zote hutaka kuwapo kampuni ya kudaiwa. Dhidi ya kampuni iliyofilisika, ni upanga usio na makali.

Tano, atazame njia ya kulipa. Katika Uingereza, anunuaye kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000 aweza kumdai mwenye kadi iwapo muuzaji hakutimiza, kwa sheria ya mwaka 1974. Kadi nyingi za benki za nchi nyingine nazo zina utaratibu wa kudai marudisho. Alipaye fedha taslimu kwa wakala hana ngome hiyo. Basi angalau apewe risiti yenye jina la aliyepokea, tarehe na kiasi, na aitunze pamoja na tikiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na anunuaye bima ya safari asome kama imetaja kuanguka kwa kampuni ya ndege, kwa maana bima nyingi hutaja ugonjwa na mizigo, juu ya kufilisika zikanyamaza.

Sita, wale wenye pointi za safari na hati za mkopo zilizotolewa badala ya fedha wazitumie mapema. Fedha hudaiwa, pointi mara nyingi hubembelezwa. Vistara ilipoungana, pointi za wanachama wake zilihamishiwa Air India. Katika Italia, ITA haikuruhusiwa hata kuununua mpango wa pointi wa Alitalia. Kati ya mambo haya mawili, abiria hakuwa na sauti.

LIPASALO NCHI KUFANYA

Hata hivyo sisi hatukubali kwamba mzigo wote wa hadhari ubebwe na abiria. Si haki kumwambia mwalimu wa Kigoma asome mizania ya kampuni kabla ya kununua kiti. Yeye si mkaguzi wa hesabu. Kampuni yajua hali yake, benki yaijua, mwenye kukodisha ndege aijua, na mamlaka ya anga yapaswa kuijua. Anayefichwa ni yule yule anayeombwa alipe kwanza.

Katika Ulaya, auzaye safari kwa jumla, yaani ndege na hoteli pamoja, analazimishwa na sheria kuwa na dhamana ya kumrudishia mteja fedha au kumrudisha nyumbani iwapo biashara itaanguka. Uingereza ina mpango wa namna hiyo tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka mwezi Septemba 2019, watu wapatao 150,000 walirudishwa Uingereza. Lakini anunuaye kiti peke yake, bila hoteli, kwa kawaida haingii katika dhamana hiyo. Watu wawili ndani ya ndege moja: mmoja ana mlinzi, mwingine hana, na tofauti yao ni kitanda cha hoteli tu! Sheria ya namna hii yamlinda aendaye kustarehe na kumwacha aendaye kumzika mzazi wake.

Kwa hiyo twasema kwamba fedha ya safari isiyofanyika ni amana. Yafaa iwekwe kando mpaka siku ya safari, yote au sehemu yake; au, kama hilo ni zito, kila tikiti itoe kiasi kidogo katika mfuko wa dhamana wa pamoja. Na kampuni inayotaka kuondoa jina lake ilazimishwe kutangaza mapema, kwa lugha ya watu na si ya wanasheria, siku ya mwisho ya kuruka na jina la atakayebeba tikiti zitakazobaki. Kampuni isiyoweza kumtaja mrithi isiruhusiwe kuuza hata kiti kimoja cha baada ya siku hiyo.

Twajua majibu yatakayotolewa. Wenye makampuni watasema kwamba nauli zitapanda, na kwamba kampuni changa haziwezi kuishi bila fedha ya mauzo ya mapema. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa nchi zetu zahitaji ndege nyingi zaidi na si chache. Lakini tuipime. Kampuni isiyoweza kuruka leo ila kwa fedha ya abiria wa miezi sita ijayo imekwisha kuanguka, ila haijagusa ardhi. Kumficha abiria jambo hilo hakuiponyi. Huongeza tu idadi ya watakaoumia. Na kama nauli itapanda kidogo kwa ajili ya mfuko wa dhamana, yule anayechangishana mwaka mzima atachagua kulipa kidogo hicho kuliko kupoteza vyote.

Wala tusiwasahau walio upande wa pili wa meza. Mhudumu wa kaunta anayetukanwa na abiria siku kampuni ifungwapo ni mfanyakazi kama yeye. Mara nyingi mshahara wake wa mwezi uliopita haujalipwa, na habari ya kufungwa aliisikia siku ile ile. Fundi, rubani, mpakia mizigo na mfagizi wa kiwanja wote ni wadai wa kampuni ile ile. Ni kosa abiria na mfanyakazi kugombana juu ya kaunta, huku waliokula faida na kuamua mambo wamekwisha kuondoka kwa mlango wa nyuma. Vyama vya wafanyakazi na mabaraza ya watumiaji wa usafiri wa anga yatakuwa na nguvu zaidi yakidai pamoja, kwa kuwa madai yao ni ya namna moja: kwamba aliyetoa jasho lake au akiba yake kwanza asilipwe mwisho.

Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Hawakusema kwamba deni hufutika mdaiwa abadilishapo jina, wala kwamba hufutika apakapo nyumba yake rangi mpya. Mwenye kampuni ana ruhusa ya kuliua jina lake apendapo. Lakini kwanza awaite waliomkopesha, kuanzia mwenye tikiti moja ya bei nafuu, awaambie ni nani atakayewalipa, na lini.